Uwanja Mpya, Fedha za Nani? Haki ya Mkazi Kuuliza Kabla ya Jiwe la Msingi

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa Wadi ya Kahawa Wendani, Kaunti Ndogo ya Ruiru, katika kikao cha elimu ya uraia kuhusu bajeti



Mnamo Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchi zao. Harambee Stars walichezea Kasarani, mwendo mfupi kutoka hapa Wendani kwa Barabara ya Thika. Walimaliza wakiongoza kundi lao, wakaifunga Morocco bao 1-0 wakiwa wachezaji 10 uwanjani, kisha wakatolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Fainali ilichezwa papo hapo Kasarani tarehe 30 Agosti, na Morocco ikatwaa kombe kwa mabao 3-2.

Furaha ile haina ubishi. Ubishi ulioko ni kuhusu gharama ya viwanja. Je, serikali ikope kujenga uwanja mpya wakati hospitali hazina dawa za kutosha na barabara za mitaani hazijawekwa lami? Na mwananchi anayepinga fedha hizo zisitumiwe hivyo, je, ni adui wa michezo? Maswali haya yameulizwa bungeni, kwenye matatu, vibandani na makanisani. Mazungumzo ya leo yanaeleza hoja za pande zote mbili, kisha yanaonyesha mahali ambapo sauti ya mkazi wa wadi hii inaingia.

Uwanja wa Talanta na deni lake

Mfano mkubwa zaidi nchini kwa sasa ni Uwanja wa Talanta, ulio katika eneo la Jamhuri, karibu na Barabara ya Ngong jijini Nairobi. Rais William Ruto aliweka jiwe la msingi Machi 2024. Uwanja huo ulipangwa kuchukua mashabiki 60,000 na kutumiwa katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2027, ambazo Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilizikabidhi Kenya, Uganda na Tanzania Septemba 2023.

Kilichozua mjadala zaidi ni njia ya kupata fedha. Badala ya kulipia ujenzi mwaka baada ya mwaka kutoka kwa bajeti, fedha zilitafutwa kwa wawekezaji kupitia hati fungani ya miundomsingi iitwayo Linzi. Hati hiyo ilikusanya Sh44.79 bilioni, ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2025. Muda wake ni miaka 15, na mwekezaji aliahidiwa faida ya asilimia 15.04 kwa mwaka. Malipo yalipangwa kutoka katika Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambayo hupata fedha zake hasa kutokana na kodi za kamari na bahati nasibu.

Hesabu hiyo inaeleweka vyema kwa mfano wa nyumbani. Mwanachama wa chama akikopa Sh100,000 kwa kiwango hicho, faida ya mwaka wa kwanza peke yake ni Sh15,040, na zile 100,000 bado ziko pale pale. Kwa Sh44.79 bilioni, faida ya mwaka mmoja kabla ya deni kuanza kupungua inakaribia Sh6.7 bilioni. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa hiyo mtoto anayeanza shule ya chekechea hapa Wendani mwaka ambao hati hiyo iliuzwa atakuwa amemaliza sekondari kabla malipo hayajafika mwisho.

Hoja za wanaounga mkono

Wanaounga mkono ujenzi wana hoja nzito. Kwanza, Kenya imewahi kuaibika. Ilipewa AFCON ya 1996, ikapokonywa, na mashindano yakachezwa Afrika Kusini. Ilipewa CHAN ya 2018, ikapokonywa tena Septemba 2017 kwa sababu viwanja havikuwa tayari, na Morocco ikawa mwenyeji. Nchi ikikosa viwanja, wachezaji wake hucheza ugenini na vijana wake hutazama kwenye televisheni.

Pili, viwanja vikubwa vilivyopo vimezeeka. Nyayo ulifunguliwa mwaka 1983. Kasarani ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Vyote viwili vimekarabatiwa mara kadhaa, lakini kanuni za usalama na za mashabiki zimebadilika sana tangu enzi hizo.

Tatu, kuna riziki. Siku ya mechi, dereva wa matatu, mwendeshaji bodaboda, muuza njugu, mwenye hoteli na mwenye nyumba za wageni wote hupata kitu. Ujenzi wenyewe huajiri mafundi na vibarua. Na wako wanaosema kwamba hati fungani ina afadhali kuliko kungoja bajeti, kwa kuwa mkandarasi hulipwa kwa wakati na kazi haikwami njiani.

Hoja za wanaopinga

Wanaopinga, miongoni mwao wanasiasa wa upinzani, wachambuzi wa fedha na wananchi wa kawaida, nao wana hoja zao, na wengi wao ni mashabiki sugu wa soka.

Hoja ya kwanza ni ya kipaumbele. Mjadala huu ulikuja nchi ikiwa bado na kumbukumbu ya Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha hadi Rais akakataa kuutia saini. Mwananchi aliyeambiwa afunge mkaja kwa sababu ya madeni huona vigumu kuelewa deni jipya la uwanja.

Hoja ya pili ni ya hazina yenyewe. Fedha za michezo na sanaa hazikutengwa kwa saruji pekee. Zinatarajiwa pia kusaidia timu za taifa, wanariadha, wasanii na shughuli za kijamii. Sehemu kubwa ya mapato hayo ikifungwa kulipia uwanja mmoja kwa miaka 15, wanaopinga wanauliza, mchezaji wa voliboli au mwanamuziki chipukizi atabakiwa na nini?

Hoja ya tatu ni ya uwazi. Mwananchi hulipa, kwa hivyo ana haki ya kuona mkataba, gharama na ratiba ya malipo kabla ya kazi kuanza, si baada ya rangi kukauka.

Hoja ya nne inahusu usawa. Uwanja mmoja mkubwa Nairobi hauwezi kuwa mahali pa mazoezi kwa kijana wa Ruiru, Lodwar au Kwale. Wako wanaosema fedha hizo zingetengeneza viwanja vingi vidogo vya mitaani, mahali ambapo vipaji huzaliwa.

Ahadi za zamani zilizobaki deni

Shaka ya wananchi haikuanza na Talanta. Manifesto ya Jubilee ya mwaka 2013 iliahidi viwanja vitano vya kisasa, katika Kisumu, Mombasa, Nakuru, Eldoret na Garissa. Miaka ilipita, orodha ikaongezwa, na viwanja vingi vikabaki nusu nusu. Ahadi hiyo ikageuka mzaha kila msimu wa kampeni ulipowadia.

Mfano unaouma zaidi ni Kamariny, Elgeyo-Marakwet, karibu na Iten. Hapo ndipo mabingwa wengi wa mbio ndefu walikuwa wakifanya mazoezi kwenye njia ya udongo. Uwanja ulifungwa ili ujengwe upya, kazi ikakwama, na wanariadha wakakosa hata ule udongo waliouzoea. Funzo lake ni chungu. Mradi wa uwanja uliokwama ni hasara ya fedha, na juu ya hiyo huwanyang'anya watu kile walichokuwa nacho tangu hapo.

Katika Kaunti ya Kiambu, kila mtu anaujua Kirigiti. Jina lenyewe limetokana na mchezo wa kriketi uliochezwa hapo enzi za ukoloni. Lakini Kirigiti unakumbukwa pia kwa mkutano mkubwa wa Agosti 1952, ambapo maelfu walikusanyika kumsikiliza Jomo Kenyatta wiki chache kabla ya hali ya hatari kutangazwa. Uwanja wa umma, basi, hauna kazi ya mpira tu. Ni mahali pa mikutano, ibada, sherehe za kitaifa na, dharura ikitokea, mahali pa kukimbilia. Anayepima faida ya uwanja apime na hayo. Lakini apime pia gharama ya kuutunza, kwa sababu nyasi, maji, umeme, walinzi na vyoo hulipiwa kila mwezi hata kama hakuna mechi.

Mfano wa mbali: Tasmania

Mvutano wa namna hii haupo Kenya pekee. Tasmania ni kisiwa na jimbo la Australia lenye watu wasiofika 600,000, idadi ambayo ni ndogo sana ikilinganishwa na watu 2,417,735 waliohesabiwa katika Kaunti ya Kiambu mwaka 2019. Wakazi wake wanapenda mno kandanda ya Kiaustralia. Katika mchezo huo kila timu huwa na watu 18 uwanjani, mpira una umbo la yai, na uwanja wenyewe ni wa mviringo mrefu. Kwa miaka mingi walililia timu yao katika ligi kuu ya taifa.

Mei 2023 ligi ilikubali kuwapa timu ya 19, lakini kwa sharti moja: lazima uwanja mpya wenye paa ujengwe Macquarie Point, katika mji mkuu wa Hobart, wa kuchukua watu 23,000. Gharama ilikadiriwa kuwa dola za Australia milioni 715. Serikali kuu ya Australia iliahidi milioni 240, serikali ya jimbo milioni 375, na ligi yenyewe milioni 15.

Hapo siasa zikachacha. Siku chache baadaye, wabunge wawili wa chama tawala cha jimbo walijiondoa chamani, mradi huo na usiri wa makubaliano yake vikiwa miongoni mwa malalamiko yao, na serikali ikapoteza wingi wake bungeni. Wananchi wengi walisema wanataka timu lakini hawataki uwanja. Maveterani wa vita waliingiwa na wasiwasi kwa sababu eneo hilo liko karibu na mnara wa kumbukumbu ya mashujaa. Jimbo lilienda kwenye uchaguzi Machi 2024, kisha likarudi tena kwenye uchaguzi Julai 2025 baada ya bunge kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Jeremy Rockliff, huku deni la jimbo na uwanja vikiwa katikati ya malumbano. Gharama nayo ilizidi kupanda hadi kupita dola bilioni 1.1. Septemba 2025 tume ya mipango ya jimbo ilishauri mradi usiendelee kwa kuwa gharama ilizidi faida. Hata hivyo, Desemba 2025 bunge liliuidhinisha.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia katika kisa hicho. La kwanza, makadirio ya mwanzo ya gharama ni nadra kuwa ya mwisho. La pili, waliopinga walipewa ripoti huru ya kusoma, na hata walioshindwa kwa kura walishindwa hadharani, kila mbunge akijulikana amepiga kura upande gani. La tatu, mgawanyo wa mzigo una maana. Ligi iliyotoa sharti la uwanja ilichangia milioni 15 tu, na mlipa kodi akabebeshwa sehemu kubwa. Mkazi wa Ruiru anaweza kutumia mizani hiyo hiyo popote anapoambiwa kwamba shirika la michezo linadai uwanja mpya: je, shirika hilo linachangia kiasi gani?

Nani anahusika na nini

Mara nyingi mkazi huja katika kikao cha kaunti akiuliza kuhusu Talanta, au huenda kwa mbunge akiuliza kuhusu uwanja wa wadi. Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi hizo. Ukuzaji wa michezo na elimu ya michezo kitaifa ni wajibu wa Serikali ya Kitaifa. Vifaa na viwanja vya michezo vya kaunti ni wajibu wa serikali ya kaunti, sawa na vituo vya afya, barabara za kaunti, mitaro ya maji ya mvua, masoko na elimu ya chekechea.

Kwa hiyo katika ngazi ya kaunti, uwanja hushindania fedha na mtaro, zahanati na taa za barabarani, na zote hutoka katika mfuko mmoja. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka matumizi ya fedha za umma yawe wazi, yashirikishe wananchi, na mzigo wa mikopo ugawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na kijacho. Kifungu cha 212 kinasema kaunti haiwezi kukopa ila Serikali ya Kitaifa idhamini mkopo huo na bunge la kaunti liuidhinishe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa kipindi cha wastani, itumiwe kwa maendeleo. Sheria haisemi maendeleo hayo yawe uwanja au mtaro. Uamuzi huo unatokana na mkazi na mwakilishi wake.

Mji wa Ruiru ulihesabiwa kuwa na watu 490,120 mwaka 2019, mmoja wa miji mikubwa zaidi nchini. Nyumba za kupanga zinaota kila kukicha, na nafasi wazi zinaisha. Mkazi wa Wendani aliye na watoto anajua kwamba kijana asiye na mahali pa kucheza hutafuta pengine pa kupitisha jioni. Mkazi huyo huyo anajua mvua kubwa ikinyesha, maji hayangoji bajeti. Kwa hivyo wanaotaka uwanja na wanaotaka mtaro wote wana haki. Kinachotakiwa ni kwamba wakutane katika chumba kimoja, wakiwa na takwimu zile zile mkononi.

Maswali ya kuuliza mradi wa uwanja ukiletwa

Mradi wa uwanja, mkubwa au mdogo, ukiletwa mbele ya wananchi, mkazi anashauriwa kuuliza yafuatayo:

Ardhi ni ya nani, na hatimiliki iko wapi?

Gharama yote ni kiasi gani, ikiwemo ya kuutunza kila mwaka, na nani atailipa?

Ikiwa ni mkopo, faida yake ni kiasi gani na utaisha mwaka gani?

Ni mradi upi utakaoahirishwa ili huu upate fedha?

Nani ataruhusiwa kuutumia siku zisizo za mechi, na kwa ada gani? Timu ya wasichana ya mtaani itapata nafasi?

Mkandarasi akikwama, wananchi watabaki na nini?

Kuuliza si ujinga, wala si kupinga maendeleo. Mradi mzuri huvumilia maswali. Mradi usioweza kuyajibu ni heri ukwame kwenye karatasi kuliko ukwame ukiwa na nguzo zilizosimama na vyuma vinavyoshika kutu.

Wapi na lini

Sauti ya mkazi ina majira yake, na anayechelewa hukuta mambo yamefungwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Hapo ndipo mradi huingia au huachwa nje, na ndipo wengi hawafiki. Taarifa ya sera za fedha hufika bungeni kufikia Februari 28, nayo huweka viwango vya juu vya kila idara. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia Aprili 30, na hupaswa kuidhinishwa kabla ya Juni 30. Mkazi anayekuja Mei kuomba mradi mpya amekuja wakati sufuria imeshaepuliwa.

Nje ya vikao hivyo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi mbele ya bunge la kaunti. Hahitaji wakili. Anahitaji maandishi yanayoeleza tatizo na kile anachoomba kifanywe. Kwa miradi ya kitaifa kama Talanta, Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa haki kama hiyo mbele ya Bunge la Taifa na Seneti.

Anayetaka kuona mkataba au stakabadhi za malipo ana Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Akiandika ombi, afisi ya umma inapaswa kumpa uamuzi ndani ya siku 21. Asiporidhika, anaweza kupeleka malalamiko kwa afisi ya Ombudsman. Haki hii inahusu serikali ya kaunti kama inavyohusu wizara yoyote ya kitaifa. Kaunti inayowahimiza wakazi kuuliza kuhusu viwanja vya Nairobi haina budi kujibu kuhusu viwanja vyake yenyewe.

Wanaopenda mpira na wanaoogopa deni ni majirani, na mara nyingine ni mtu mmoja huyo huyo, aliyeshangilia Agosti 2025 na kulipa karo Januari. Mkazi wa aina hiyo ndiye anayehitajika katika kikao kijacho cha bajeti ya wadi. Aje na swali lake likiwa limeandikwa, ahakikishe jina lake na maoni yake yameingia katika kumbukumbu, na ripoti itakapotolewa aisome kuona kama yamo. Yakikosekana, arudi kwa mwakilishi wadi kuuliza kwa nini.